Kamakhya: hekalu linalofungwa mungu akiwa kwenye siku zake

Ukisikia watu wakiongelea Kamakhya mtandaoni utadhani ni chuo cha uchawi, eti watu wanaenda India kuchukua pete za utajiri na dawa za kumvuta mume. Jamani. Kamakhya ni hekalu la Kihindu la mungu wa kike, liko juu ya kilima cha Nilachal, Guwahati, jimbo la Assam, na jengo la sasa lilijengwa upya mwaka 1565 na Naranarayan, mfalme wa ufalme wa Koch. Ni kweli tantra, ile njia ya ibada za siri za Kihindu, ina mizizi pale na masadhu (watawa wa Kihindu) wa nguo nyekundu utawakuta, ila wengi kwenye foleni ni familia za kawaida na nazi zao na maua.

Wengine wanasema ndani kuna sanamu la kutisha. Hakuna sanamu. Unashuka ngazi za mawe mpaka kwenye pango lenye giza, taa za mafuta tu, na kinachoabudiwa ni mwamba wenye ufa wa umbo la uke, chemchemi inaulowesha muda wote, unainama unagusa maji basi unapisha mwenzako. Wanaamini mwili wa Sati, mungu wa kike mke wa Shiva, ulipokatwa vipande, sehemu hiyo ndiyo iliangukia hapo.

Sasa kubwa lao: eti kila Juni hekalu linafungwa kwa sababu limenajisika. Hapana bwana, ni kinyume kabisa. Sikukuu inaitwa Ambubachi, inaanza kama tarehe 22 Juni mvua zikiwa zimekolea, wanaamini mungu yuko hedhini kwa hiyo anaachwa apumzike siku tatu milango imefungwa, na ardhi nayo inahesabiwa iko hivyo hivyo, wakulima hawalimi, nyumba nyingine hata jiko haliwashwi wanakula matunda. Baadaye anaogeshwa, milango inafunguliwa, na watu laki kadhaa waliojazana kilimani wanagombania vipande vya kitambaa chekundu kilichofunika ule mwamba. Hedhi ndiyo baraka yenyewe! Ila mwanamke wa kawaida akiwa kwenye siku zake desturi inamtaka asiingie, hapo mimi huwa nashindwa kuwaelewa, na wapo wanawake wa India wanaouliza swali hilo hilo.

Habari ya mto Brahmaputra, unaopita chini ya kilima, kugeuka damu siku hizo achaneni nayo. Juni mto umefurika, rangi yake ni tope, na kile kitambaa ni chekundu toka kinapowekwa.

Halafu sisi tuliozoea Wahindu wa Kigujarati wa Dar na Mombasa, wengi wao hata yai hawagusi, tunaamini Mhindu hachinji. Kamakhya wanachinja, tena hekaluni, mbuzi, njiwa mpaka nyati, ila madume tu, jike haruhusiwi. Wengine wanatoa mbuzi akiwa hai anaachiwa, ndiyo maana uwanjani unakuta mbuzi wanazurura wakinusanusa maua ya waumini na hakuna wa kuwafukuza. Na msitegemee dandia, zile ngoma za vijiti za Navaratri (sikukuu ya siku tisa ya mungu wa kike) mlizozoea huku kwetu, kule msimu huo ni Durga Puja, ibada ya mungu wa kike Durga, na haiishii siku tisa, inakwenda kama wiki mbili hivi.