Jiwe la Kujengea Halishiki Gari

"Fundi, jiwe hili linabeba ghorofa, litashindwa na Probox?" Nimeulizwa tena wiki hii, na mteja aliyekuja kununua pedi za breki akanieleza kwa furaha kwamba atazifunga mwenyewe nyumbani kwake Maweni, gari likiwa juu ya mawe mawili ya matumbawe ya kuchonga. Hoja inayofuata naijua kabla haijatoka mdomoni: magofu ya mji wa kale wa Gede. Kuta za Gede ni za matumbawe na zimesimama karne na karne, basi nani atasema jiwe hilo ni dhaifu?

Zimesimama, ndiyo. Ukuta wa Gede umeshikwa kwa chokaa, jiwe limelalia jiwe, na mzigo umegawanyika urefu wote wa ukuta. Tena hakuna anayeutikisa. Gari linaweka uzito wa kona moja ya mbele, kilo 300 na zaidi, kwenye ukingo wa chuma mwembamba kama kidole. Na wewe uko chini unavuta spana kufungua nati iliyoshikwa na kutu, na kila ukivuta, gari linacheza. Chuma hupinda kwanza. Mbao hulia, hubonyea, ukapata nafasi ya kutoka. Jiwe la matumbawe limejaa vishimo ndani na halitoi dalili yoyote: lipo zima, kisha halipo.

Bloku za saruji zenye matundu ni mbaya zaidi. Zimefyatuliwa zibebe mzigo ulioenea juu yake kote, matundu yakitazama juu. Watu huzilaza ubavu, chuma kikakaa juu ya tundu, penye unene wa vidole viwili tu. Na saruji iliyotiwa humo ni kiasi gani, anajua aliyezifyatua. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa haamini. Tukalaza bloku chini ya eksili ya gari bovu lililokaa uani, nikateremsha jeki polepole, hakuna mtu chini. Bloku ikapokea mzigo, ikatulia. Kijana akanitazama kama aliyeshinda. Nikamwambia asukume bodi kwa ubavu, mara moja tu. Mlio ulikuwa mkavu, kama kifuu cha nazi kinapopasuliwa, na eksili ikawa chini, vumbi likafuata. Kipande kimoja alichookota kilimomonyoka kiganjani kikawa mchanga. Habari ya mawe hajaniuliza tena.

Nunua stendi mbili za chuma za kuegemezea gari, zilizoandikwa uzito zinaobeba. Za kuchomelewa mtaani sizipendi, kwa sababu hakuna aliyezipima. Ukikosa kabisa, panga vipande vinene vya mbao ngumu, viwili huku na viwili kukatisha, chini pana kuliko juu.

"Jeki yangu ni ya tani tatu." Hizo tani ni za kuinua. Kinacholishikilia gari juu ni oili iliyozuiwa na sili ya mpira, na hapa kwetu jeki inayokaa nyuma ya gari na hewa ya chumvi hupata kutu kwenye nguzo yake. Kutu hiyo huikwangua sili kila ukipandisha. Siku sili ikiachia, gari linashuka. Hata kama kazi ni ya dakika mbili.

"Nimevuta handbreki na nimeweka gea." Kwenye Hiace handbreki inashika magurudumu ya nyuma, na gea pia inashika ya nyuma. Ukiinua nyuma, yaliyobaki chini ni ya mbele, nayo hayajashikwa na chochote. Kwenye Probox za kuvuta mbele, ukiinua gurudumu moja la mbele, gea ya P, ya kuegeshea, haishiki tena, kwa maana difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka. Umebaki na handbreki peke yake. Tia kabari mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, kabla hujagusa jeki.

Mchanga ulioshindiliwa? Miguu ya stendi itazama, tena mguu mmoja kabla ya mwingine. Weka ubao mnene chini yake.

Ukishavua tairi, lisukume chini ya bodi karibu na ulipo. Hili nalisema kwa kila mtu hata akichoka kunisikia, na ni bure. Halafu, kabla hujaingia, litikise gari kwa nguvu ukiwa nje. Likitaka kuanguka, lianguke wakati huo.

Na magari yanayopiga safari za Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, yapekue kwanza kwa bisibisi pale unapotaka kuegemeza jeki. Nimeona ukingo uliopakwa rangi vizuri, bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini.