Foksi ya Ami kwa kipimo cha 1/24: chumvi, mafuta ya breki na debe moja

Naunda magari ya plastiki kwa miaka kumi na tano sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni nimepaka nini hata gari likang'aa hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifanya nini hata likachoka. Leo nitaeleza hilo la pili, maana ndilo lililonitoa jasho.

Gari lenyewe ni Foksi, Volkswagen 1300 ya 1966, seti ya vipande vya kuunganisha ya kampuni ya Tamiya, kipimo cha 1/24, yaani kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24. Binamu yangu aliniletea kutoka Dubai, ameizungushia nguo za watoto isivunjike. Ukiifuata karatasi ya maelekezo mpaka mwisho, utapata gari lililotoka kiwandani Wolfsburg leo asubuhi. Mimi silo nililolitaka. Nililitaka la Ami yangu, lile lililokuwa likilala nje ya nyumba yao Kisauni, rangi ya samawati ambayo kampuni iliiita Bahama Blue, madigadi ya nyuma kushoto meupe, keria juu, na kutu kila pahali pepo ya bahari ilipogusa.

Nikiri kwamba mwanzo nilikuwa na tamaa nyingine. Foksi ndiyo iliyotia fora katika mbio za magari za Safari Rally za kwanza kabisa, 1953, enzi ile mashindano yakiitwa Coronation Safari, na 1962 Tommy Fjastad akashinda nayo tena. Nikasema nitaiunda ile ya 1962, nibandike namba mlangoni, nipake tope, kazi imekwisha. Kisha nikakaa na picha za zamani na rula. Kuanzia modeli ya 1965, Volkswagen waliongeza ukubwa wa vioo vyote. Kile cha mbele kilipandishwa milimita 28 kuelekea paani. Gawanya kwa 24 upate milimita moja na kidogo. Mtu atasema, milimita moja ni nini? Milimita moja hapo ni paji la uso. Gari la 1962 lina macho madogo na nguzo nene, la 1966 limefumbua macho. Ningelazimika kujaza vioo vyote kwa plastiki na kuvichonga upya, na kila anayezijua Foksi angeona tu kuna kitu hakijakaa sawa. Nikaliacha. Gari la Ami lilikuwa la 1966, sawa na lililo ndani ya boksi.

Huko kugawanya kwa 24 ndiko kazi yote ya kubadilisha modeli, na wengi wanakomea kwenye urefu. Urefu ni rahisi: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Foksi ina milimita 2400, kwa hiyo modeli ina 100 kamili, na mtoto wa shule atakupigia hesabu hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba rangi nayo ina unene. Rangi ya gari halisi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipaka modeli yako unene huohuo, umelivika gari rangi ya zaidi ya milimita mbili kwa kipimo chake. Hapo ndipo mifereji ya milango inapozibwa, na nembo ya "1300" ya nyuma inabaki uvimbe kama kuumwa na mbu. Vumbi nalo vivyo hivyo. Kuna wanaochota mchanga wa pwani na kuunyunyizia matairi. Chembe ya nusu milimita ni kokoto ya milimita 12 kwa gari hilo! Vumbi langu ni chaki ya rangi niliyoisaga juu ya msasa namba 800, nikaichekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Hata rangi yenyewe huigawanyi kwa hesabu, lakini lazima uipunguze makali. Samawati ileile ya gari kubwa, ukiipaka kwenye kitu kinachokaa kiganjani, inaonekana nzito mno. Natia matone ya nyeupe mpaka jicho liridhike. Hapa sina kanuni ya kukupa. Weka modeli mwisho wa meza, fumba jicho moja, jiulize kama hilo ni gari linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Zamani, nikiwa mgeni wa kazi hii, tina ya modeli, ile dawa ya kuzimulia rangi, iliniishia nikaenda duka la rangi za magari nikanunua tina ya gereji. Plastiki hizi ni polistirini, na tina ile kali inaila kama sukari kwenye chai. Bodi ilifanya mipasuko midogo midogo mfano wa udongo wa bwawa lililokauka, na haikuwa na dawa. Tangu siku ile hakuna kinachogusa bodi kabla sijakijaribu kwenye fremu, yale matawi ya plastiki yanayobaki baada ya kukata vipande. Lakini gereji hiyohiyo ina kitu kingine cha kukufaa: mafuta ya breki. Ukiharibu rangi, litumbukize bodi ndani ya mafuta ya breki usiku kucha, vaa glavu, asubuhi rangi inavuka kama ngozi ya nyoka na plastiki iko salama. Foksi hii imeoga humo mara mbili. Mara ya kwanza rangi iliingia unyevu, ikawa na ukungu mweupe; kupaka rangi Mombasa mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, ni kujitafutia. Mara ya pili sisemi.

Kutu niliitengeneza kwa chumvi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza bodi nzima nililipaka rangi ya kutu. Si rangi moja: kahawia iliyokolea chini, juu yake mabaka ya rangi ya matofali, na hapa na pale chungwa kidogo. Nikaiacha siku mbili ikauke, nikaifunika kwa vanishi. Halafu nikachukua chumvi ya mawe, ile ya jikoni, nikaiponda kwenye kinu lakini isilingane, vipande vikubwa na unga pamoja. Kwa brashi nyembamba nililowesha kwa maji pale tu kutu inapotakiwa, nikanyunyizia chumvi, maji yakakauka chumvi ikashika. Kisha nikapuliza samawati juu ya vyote, mara tatu, nyepesi nyepesi. Ilipokauka, nikachukua brashi ngumu yenye maji nikaanza kusugua. Chumvi inayeyuka na kung'oka pamoja na rangi iliyoikalia, na chini yake inatokea kutu, yenye kingo zilizomenyeka ambazo mkono wa mtu hauwezi kuzichora. Kila chembe inamenyua kivyake. Ndiyo maana nasema usilinganishe chumvi.

Mahali pa kuiweka ndipo palipo na ujuzi. Kutu haitapakai ovyo kama ukoma wa sinema. Kwenye Foksi inaanzia chini ya milango, kwenye kile kizingiti kinachopitisha hewa ya moto, ambacho kikishika maji hakikauki. Inafuata kingo za madigadi, chini ya taa za mbele, na mdomo wa boneti. Paani huwa ni kidogo, isipokuwa pale miguu ya keria inapokwaruza. Gari la Ami lilikuwa na mchirizi mrefu wa kahawia kutoka mguu wa keria wa kulia hadi dirishani, na huo niliuchora kwa rangi ya mafuta ya msanii, tone moja, nikaliburuta kwenda chini kwa brashi yenye tina kidogo.

Madigadi meupe hayakunisumbua. Kwenye Foksi halisi madigadi yote manne yanafungwa kwa bolti, ndiyo maana ukigongwa leo kesho unanunua la gari jingine, rangi yoyote, unafunga unaondoka. Ila usisahau ule mpira mwembamba unaokaa kati ya madigadi na bodi. Niliutengeneza kwa kuyeyusha kipande cha fremu juu ya mshumaa na kukivuta taratibu mpaka kikawa uzi.

Kitu kilichonifurahisha zaidi hakuna mgeni anayekiona. Foksi ya 1966 nyuma ina ekseli za kubembea: zinacheza kutoka kwenye gia boksi tu, kwa hiyo tairi inabadilisha mlalo kila gari linapopanda au kushuka. Likiwa tupu na limeinuliwa jeki, tairi zinakunja nyayo ndani. Likipakiwa, nyayo zinatoka nje, gari linakaa kama mtu aliyetanua miguu akibeba gunia. Gari la Ami sikuwahi kuliona tupu. Nikapiga tupa mashimo ya ekseli za nyuma, nikainamisha kila tairi kiasi cha nyuzi tatu, nikashusha mgongo milimita moja, na sehemu ya tairi inayokanyaga chini nikaisugua bapa kidogo. Ghafla gari likawa na uzito.

Kioo cha mbele kilinipa kazi ya ziada kwa uvivu wangu. Nilishika wipa kwa supagluu, nikafunika boksi, nikaenda kulala. Mvuke wa supagluu ukitulia kwenye plastiki angavu unaacha utando mweupe kama mtoto wa jicho. Nilikisugua kwa msasa namba 2000 na maji, kisha dawa ya meno na kitambaa cha pamba, saa nzima. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya shule. Ni dhaifu, lakini ikikauka haionekani.

Bamba za namba nilizichapa kwenye karatasi nyeupe ya stika za maji: printa ya nyumbani haina wino mweupe, kwa hiyo unachapa weusi wa bamba, na herufi ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Namba ni ya kweli, ile ya Ami, kwa hiyo picha za mbele sitaziweka hapa.

Nilimpelekea Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo Ami." "Marahaba mwanangu, una nini hapo?" Aliivaa miwani, akaligeuza gari, akalitazama chini ya milango. Akacheka peke yake alipofika kwenye tairi za nyuma. "Hapa amekaa nyanya yako," akasema. Kisha akanyamaza, kidole juu ya keria.

"Debe li wapi?"

Debe gani?

"La maji. Nilikuwa sendi Malindi bila debe la maji hapa juu."

Injini ya Foksi inapozwa kwa hewa, haina rejeta, haiombi maji hata tone. Nilimwambia hivyo. Akaniambia maji hayakuwa ya gari.

Debe la lita 20 lina upande wa sentimita 23 na ushei, kimo 35. Kwa 24 ni milimita 10 kwa 10, kimo 15 kasoro kidogo. Nimelikata kutoka kopo la soda, nimekunja pembe kwa rula, mpini ni uzi wa shaba kutoka waya wa chaja mbovu. Bado sijajua nilipake kutu au nililiache liwe jipya. Jumamosi nitamuuliza.