Ngano ya Eldoret, mpunga wa Zanzibar na hofu ya mionzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 2014 wakulima wa ngano wa Kenya walipata mbegu mpya iitwayo Eldo Ngano 1, iliyotokana na mbegu zilizopigwa miale ya gama. Zanzibar nako upo mpunga wa Supa BC, uliotolewa kwenye Supa ile ile ya harufu nzuri kwa njia hiyo hiyo. Habari hizi zikitajwa, maswali ni yale yale: chakula hicho hakina mionzi? Si ndiyo GMO hiyo, yaani mimea ya uhandisi jeni? Kwangu maswali haya ni ya haki kabisa, maana mtu anauliza kuhusu kitu atakachowalisha wanawe. Kinachonisumbua ni majibu yanayozunguka, ya kutisha na ya kusifia kupita kiasi.

"Mbegu ikipigwa mionzi hubaki nayo"

Haibaki. Miale ya gama hupita kama mwanga wa tochi: ukiizima, ukuta uliomulikwa haubaki uking'aa. Chanzo kinachotumika sana ni kobalti-60, ambayo miale yake ina nguvu ya kutosha kukata uzi wa vinasaba ndani ya seli, lakini haina nguvu ya kuvuruga viini vya atomu za mbegu hata nazo zianze kutoa mionzi. Kobalti yenyewe imefungwa ndani ya chuma na haigusani na mbegu. Ipo tofauti moja inayostahili kusemwa wazi: wako watafiti wanaotumia nyutroni, chembe zitokazo kwenye viini vya atomu, badala ya gama, na nyutroni huweza kuacha mionzi kidogo katika mbegu. Hizo huwekwa kando kwanza mpaka mionzi ipungue, ndipo zishikwe na kupandwa.

Lakini hata tukiyaacha hayo, punje iliyowekwa mbele ya miale siyo inayofika dukani. Hupandwa, watoto wake wakapandwa, wajukuu wakapandwa, kizazi baada ya kizazi mpaka tabia inayotakiwa itulie. Katika gunia la mbegu analonunua mkulima hakuna punje hata moja iliyowahi kupigwa miale.

"Ni GMO kwa jina jingine"

Katika uhandisi jeni, mtaalamu huchukua kipande cha vinasaba anachokijua, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine, akakipandikiza kwenye mmea. Bakteria wa udongoni aitwaye Bt ametoa jeni kwa pamba na mahindi kwa njia hiyo. Miale haileti kitu kutoka nje. Inavunja, inafuta au inageuza yaliyomo tayari kwenye mmea wenyewe.

Sheria nazo zimelitazama suala hili. Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mimea iliyobadilishwa vinasaba kwa njia kama ya mionzi inaingia katika maana ya GMO kisheria, ila njia za zamani zenye rekodi ndefu ya usalama zimesamehewa masharti yake. Anayesema "Ulaya wamezikataa" hajasoma uamuzi wenyewe, na anayesema "hata hazihusiani" naye amerahisisha mno. Sisemi haya ili GMO iogopwe. Huo ni mjadala wake. Nasema tu kwamba hivi ni vitu viwili.

"Mtaalamu huielekeza miale kwenye jeni anayoitaka"

Hapa ndipo hata wasomi wengi hukosea, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Miale haichagui. Hupiga popote, na mengi ya mabadiliko yanayotokea hayana faida, mengine yana madhara: mmea hudumaa, majani hupauka, au mbegu haioti kabisa. Kipimo kinachotolewa kwa ngano kavu huwa kwenye mamia ya grei (kizio cha kupimia mionzi), wakati grei 4 au 5 mwilini mwote zinaweza kumuua mtu. Kipimo kikiwa kidogo, hakuna linalobadilika. Kikizidi, zote zinakufa. Kwa hiyo kabla ya yote watafiti hujaribu vipimo mbalimbali ili wajue aina yao ya mbegu inavumilia kiasi gani.

Kisha zinakuja shamba, jicho na miaka. Kizazi cha kwanza hakionyeshi mengi, kwa kuwa badiliko likitokea kwenye nakala moja ya jeni, nakala ya pili hulificha. Kizazi cha pili ndicho huanza kufichua. Ngano ya mkate ni ngumu zaidi, kwani imebeba seti tatu za vinasaba kutoka kwa mababu watatu wa nyasi, na jeni iliyoharibika katika seti moja hufunikwa na wenzake.

Eldo Ngano 1 ilipitia njia hiyo. Aina ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, iliyopewa jina la Ug99 iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa imeivunja Sr31, jeni ya kinga iliyokuwa ikitegemewa katika ngano nyingi duniani. Vimelea vyake husafiri kwa upepo. Vilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na baadaye Iran. Mwaka 2009 shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa lilianzisha mradi wa pamoja wa nchi nyingi wa kupambana na kutu hiyo. Mbegu zilipigwa miale katika maabara ya Seibersdorf, Austria, kisha zikapandwa Eldoret, mahali ambapo kutu yenyewe ipo shambani. Maelfu ya mimea iliachwa iugue. Ile michache iliyobaki na mashina safi katikati ya mashamba mekundu ndiyo iliyochukuliwa, ikapandwa tena, ikapimwa tena. Miale ilikuwa kazi ya muda mfupi; miaka mitano ilikwenda kwenye kuchagua. Ninaposikia mbegu hii ikiitwa "ngano ya nyuklia", nawafikiria watu waliotembea kwenye mistari ile wakiinama kukagua shina moja moja.

"Wanatujaribia sisi Waafrika"

Hofu hii ina mizizi ya kweli katika historia yetu, wala siibezi. Ila kwa hili haishiki. Mtaalamu wa vinasaba Lewis Stadler alichapisha matokeo yake ya kupiga shayiri kwa eksirei huko Missouri, Marekani, mwaka 1928. Shayiri ya Golden Promise, iliyotokana na miale ya gama, ilitengenezewa wiski ya Uskoti kwa miaka mingi. Balungi jekundu la Rio Red limetoka Texas, nalo kwa kutumia mionzi. Japani ilikuwa na shamba la duara lenye kobalti katikati, mimea ikiizunguka. Mbegu za namna hii zilizosajiliwa duniani zimepita 3,200, kutoka aina zaidi ya 200 za mimea, nazo zimeliwa na mataifa tajiri kabla yetu.

"Mbegu hizo ni tasa, lazima ununue kila msimu"

Nadhani chanzo cha mkanganyiko huu kiko jirani. Katika miaka ya 1990, mbung'o walitokomezwa Unguja kwa kuwafuga madume kule Tanga, kuwatia utasa kwa miale ya gama na kuwaachilia kwa ndege. Miale ni ile ile, lakini kule shabaha ilikuwa utasa. Ngano na mpunga unaofika kwa mkulima umechaguliwa kwa sababu unazaa vizuri, na kwa kuwa mimea hii hujichavusha yenyewe, mbegu uliyovuna hubaki na tabia zake. Ukiiweka, itaota.

"Basi njaa imepata dawa"

Hii nayo ni dhana potofu, ingawa inasemwa na watu wenye nia njema. Stadler mwenyewe hakuwa na matumaini makubwa kwamba mionzi ingewafaa wazalishaji wa mbegu. Wakati umeonyesha kwamba alikosea, ila mashaka yake yalikuwa na msingi: huwezi kupata kwa miale kitu ambacho vinasaba vya mmea havina njia ya kukifikia. Mmea mfupi usiolala kwa upepo, unaowahi kukomaa, unaohimili ugonjwa fulani, hayo yamepatikana mara nyingi. Mbolea, maji, barabara na bei ya haki havimo ndani ya punje.

Na kutu ya shina haikusimama. Kuvu huyo naye hubadilika vinasaba bila kupigwa miale na mtu yeyote, na tangu Ug99 igunduliwe zimeshapatikana jamaa zake kadhaa zinazovunja jeni nyingine za kinga. Ndiyo maana huko Njoro, Kenya, ngano kutoka nchi nyingi bado hupandwa kila mwaka, iachwe iugue, na watafiti wapite kuangalia ni ipi imesalia.