Sera za ubora wa huduma kwenye ruta: yanayosemwa na ukweli wake

"Ukiweka sera, laini inaongezeka kasi." Haiongezeki hata biti moja. Sera huamua tu pakiti (kipande cha data) ipi itangulie, ipi isubiri na ipi itupwe foleni inapojaa. Pasipo foleni, haina cha kupanga.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama. Umelipia Mbps 50, lakini kebo inayounganisha ruta na kifaa cha mtoa huduma ni ya Gbps 1. Ruta inaona kiolesura, yaani mlango wake wa kebo, kina nafasi tele, inasukuma kila kitu mbele, na foleni inajengeka kwa mtoa huduma, ambako sera yako haipo. Sauti za simu zinakatika ingawa kila mstari umeandikwa sawasawa. Dawa ni kuihamishia foleni kwako: sera ya juu ibane jumla chini kidogo ya ulicholipia, na ya ndani igawe trafiki kwa madaraja. Kwenye Cisco IOS, mfumo wa ruta za Cisco (`dscp` ni alama iliyo kwenye pakiti, na `ef` ni ile inayotumiwa kwa sauti):

```
class-map match-all SAUTI
 match dscp ef
policy-map MADARAJA
 class SAUTI
  priority 2000
 class class-default
  fair-queue
policy-map NJE
 class class-default
  shape average 47000000
  service-policy MADARAJA
interface GigabitEthernet0/0
 service-policy output NJE
```

"Kila kilicho muhimu kiingie kwenye kipaumbele." Hiyo 2000 ni kbps, na laini ikijaa ndiyo kikomo pia: kinachozidi kinatupwa. Simu moja ya G.711 (kiwango cha kusimba sauti) yenye pakiti za milisekunde 20 hula takribani kbps 87 kwa kila upande ikipita kwenye Etheneti, kwa hiyo simu 20 zinafika kbps 1740. Ukichomeka na video humo, mafungu yake yatakula kikomo na sauti itaanza kukwaruza.

"Watu wanapakua zaidi, basi sera ikae upande wa kuingia." Pakiti inayoingia imeshapita kwenye laini nyembamba. Upande huo unaweza kuweka alama au kukata tu. Kwa upakuaji, bana trafiki inapotoka kwenye kiolesura cha mtandao wa ndani, chini kidogo ya kasi ya laini. TCP, itifaki inayongoja uthibitisho wa kupokelewa, itaona ucheleweshaji na upotevu, ipunguze mwendo. Trafiki ya UDP, itifaki isiyongoja uthibitisho, haitatii kama haijali upotevu.

"`police` na `shape` ni mamoja." `shape` huishikilia pakiti kwenye foleni ingoje zamu, `police` huitupa papo hapo. Ukiipa `police` akiba ndogo (kiasi inachoruhusu kupita kwa mkupuo), tuseme baiti 1500, TCP haitafikia kasi uliyoandika, kwa sababu hutuma pakiti kwa mafungu.

Alama ya EF, yaani DSCP 46, nayo usitegemee iheshimiwe kwenye intaneti ya umma. Inafaa ndani ya mtandao wako, au pale mkataba na mtoa huduma unapoitaja.

Ukimaliza, piga `show policy-map interface GigabitEthernet0/0` wakati laini imejaa. Daraja la SAUTI likisoma sifuri huku simu zinaendelea, pakiti zinafika bila alama. Likihesabu zilizotupwa, kagua kwanza nani mwingine anatumia EF kabla ya kupandisha kikomo.