Tunaposema "ndege ya mbao", tunasema nini?

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mtu mmoja alikuwa akilalamikia mradi uliokwama, akasema kwamba waliokabidhiwa kazi "wametuletea ndege ya mbao", akimaanisha kitu cha maonyesho kisichoweza kuruka. Mara ya pili ilikuwa katika mazungumzo ya historia ya Vita Kuu ya Pili, ambapo msemaji alidai kwamba Waingereza walipoishiwa chuma walikusanya maseremala, wakagongomelea mbao, na kwa bahati zikaruka. Mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika, mwingine alieleza kwa uhakika mkubwa kwamba ndege hiyo hiyo haikuweza kuonekana kwa rada kwa sababu mbao si chuma. Neno moja lilitumiwa na watu watatu kwa maana tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa sahihi.

Maana yenyewe ni fupi. Ndege ya mbao ni ndege ambayo sehemu zake zinazobeba uzito na kuhimili mikazo ya kuruka, yaani kiwiliwili na mabawa, zimeundwa kwa mbao. Injini yake ni ya metali kama ya ndege nyingine yoyote, na hakuna aliyewahi kutaka injini ya mninga. Sifa hii inataja malighafi, na inaishia hapo. Haisemi kama ndege ni ya kuchezea, ya kizamani au ya dharura.

Ndege ambayo wasemaji wangu wawili wa mwisho walikuwa wakiizungumzia ni Mosquito ya kampuni ya de Havilland, yenye injini mbili za Rolls-Royce Merlin na watu wawili tu ndani, rubani na mwongoza njia. Iliruka kwa mara ya kwanza huko Hatfield tarehe 25 Novemba 1940, na mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani mwezi Novemba 1950 zilikuwa zimeundwa 7,781. Jina lake Kiingereza kililitoa katika Kihispania, ambamo mosca ni inzi na mosquito ni inzi mdogo, naye ndiye mbu wetu. Baadaye zilitoka chache zenye mzinga wa milimita 57 wa kupigia nyambizi, zikaitwa Tsetse, jina lililotoka kusini mwa Afrika la mdudu ambaye sisi tunamwita mbung'o.

Kosa, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye neno "mbao" lenyewe. Ubao, kwa wingi mbao, ni kipande bapa kilichopasuliwa kutoka kwenye gogo kwa msumeno. Maana hiyo ya ubapa imelifuata neno kila lilikokwenda: tunao ubao wa darasani, tunao mchezo wa bao wenye mashimo yaliyochongwa katika kipande kimoja, tuna bao la kufunga uwanjani, na Nairobi mbao imekuwa hata jina la shilingi 20, ingawa sidhani kama kuna anayelifikiria gogo anapolipa nauli. Kwa hiyo anayesikia "ndege ya mbao" anaona mara moja yadi ya mbao: vipande vizito vilivyonyooka, vumbi la msumeno, na fundi mwenye misumari mdomoni. Ni taswira halali ya neno, lakini si taswira ya ndege hii.

Ngozi ya Mosquito haikupasuliwa kwa msumeno. Gogo la mti wa birchi liliwekwa kwenye mashine likazungushwa dhidi ya kisu kirefu, likamenywa utando mwembamba unaotoka mfululizo kama mkeka unaokunjuliwa. Tando hizo zililazwa moja juu ya nyingine, nyuzi za huu zikikatiza nyuzi za ule, zikapakwa gundi na kukandamizwa. Seremala yeyote leo anaijua bidhaa hiyo kwa jina la plaiwudi. Kukatizana kwa nyuzi ndiyo siri yake, maana mti una nguvu kubwa kwa urefu wa nyuzi zake na hupasuka kwa urahisi sambamba nazo, na tabaka zilizopishanishwa huondoa udhaifu huo. Kisha, baina ya karatasi mbili za plaiwudi, kiliwekwa kiini cha balsa kutoka Ekwado, chenye unene wa karibu sentimita moja. Balsa ni mti mwepesi mno na peke yake haufai kubeba chochote cha maana. Kazi yake hapa ilikuwa kuzitenganisha karatasi hizo mbili, kwa sababu ngozi mbili zilizoachana kidogo na kushikamana kwa kiini hugoma kupinda kuliko ngozi moja ya uzito uleule. Kwa njia hiyo kiwiliwili hakikuhitaji msitu wa mbavu ndani yake. Kilitengenezwa nusu mbili juu ya kalibu, kushoto na kulia, kama maganda ya karanga. Nyaya na mabomba mengi yakafungwa ndani wakati nusu zingali wazi, ndipo zikaunganishwa.

Lugha yetu ina neno linaloifaa kazi hii kuliko "kutengeneza", nalo ni "kuunda". Siku hizi tunaunda tume, tunaunda kamati, tunaunda serikali, tumesahau kwamba katika Kiswahili cha kale cha pwani kuunda ilikuwa hasa kazi ya miti, na hasa ya vyombo vya baharini: dau na jahazi huundwa, na kutoka hapo tukapata kiunzi. Wenye mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, hawangekuwa na subira na mtu anayeuliza juu ya mbao za chombo hicho bila kuuliza juu ya kamba zake. Katika Mosquito kamba ni gundi. Zilikuwamo pia skrubu ndogo za shaba kwa maelfu, lakini mzigo wa kuruka ulibebwa na gundi, na mtu anayetaka kuzungumzia udhaifu wa ndege za mbao anapaswa kuanzia hapo, kwa kuwa udhaifu ulikuwapo kweli.

Mwanzoni ilitumika gundi ya kaseini, ambayo hutokana na maziwa. Inashika vizuri, lakini unyevu na joto huilainisha na kuialika kuvu. Jambo hili halikuwa geni. Lilionekana kwetu miaka ipatayo 25 kabla, mapema mwaka 1915, pale ndege za Sopwith zilizoletwa pwani ya Rufiji kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg ziliposhindwa na hali ya hewa, gundi na viungo vyake vya mti vikiachana kwa joto, hata zikahitajika ndege nyingine kabla ya manowari hiyo kumalizwa mwezi Julai. De Havilland walihamia kwenye gundi za kikemikali, za aina iliyoendelezwa na Norman de Bruyne huko Duxford, ambazo kuvu haina la kula ndani yake. Hata hivyo, mwaka 1944, Mosquito zilizopelekwa India kwa ajili ya vita vya Burma, vita vilevile walivyopigana askari wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, katika bonde la Kabaw, zilianza kuvunjika mabawa, na mwezi Novemba zikazuiwa kuruka. Waliochunguza walibishana: wengine walilaumu hali ya hewa, wengine walikuta viungo ambavyo tangu kiwandani mbao zake hazikugusana sawasawa. Nionavyo mimi ubishi huo hauna mshindi, kwa sababu kiungo kilichoachwa na mwanya ndicho unyevu unachokitafuta kwanza.

Wajerumani nao walijaribu kuunda yao, Focke-Wulf Ta 154, wakaiita kwa makusudi Moskito. Mbao walikuwa nazo na mafundi walikuwa nao. Kiwanda cha gundi waliyoitegemea, kilichokuwa Wuppertal, kilipigwa mabomu mwaka 1943, na gundi mbadala ikawa na tindikali iliyoila mbao yenyewe. Ndege zilianguka, na mradi ukafa baada ya ndege chache kuundwa. Ningependa yule wa "wakagongomelea mbao" aufikirie mkasa huu kwa muda.

Dai lake la kuishiwa chuma lina kosa jingine. Ndege za wakati ule, kama Spitfire na Lancaster, hazikuwa za chuma bali za aloi ya alumini. Tabia yetu ya kuita kila metali chuma ndiyo inayotufanya tudhani kwamba kinyume cha ndege ya mbao ni ndege ya chuma. Wala uamuzi haukufanywa katika dhiki. Geoffrey de Havilland na msanifu wake Ronald Bishop walikuwa na wazo hilo tangu mwaka 1938, kabla ya vita. Hapa namkubalia nusu: walitabiri kwamba vita ikija, alumini na mafundi wake vitagombaniwa, ilhali maseremala wa samani watakuwa hawana kazi, na kweli karakana za samani za High Wycombe zikaja kuunda sehemu za ndege. Lakini kuona mbele ni jambo moja na kuishiwa ni jingine. Zaidi ya hayo, kampuni ilikuwa na ujuzi tayari: ndege yake ya mbao Comet ilishinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934, na ndege yake ya abiria Albatross ilikuwa na kiwiliwili cha plaiwudi na balsa. Mbao iliwapa pia ngozi laini isiyo na vichwa vya ribiti, na iliwawezesha kukamilisha ndege ya kwanza, katika jumba la Salisbury Hall, kwa takriban miezi 11. Wizara ya Anga ya Uingereza ilisitasita, na bila ofisa wake Wilfrid Freeman, aliyesimamia oda ya ndege 50 ya tarehe 1 Machi 1940, huenda Mosquito isingeundwa kabisa.

Kuhusu rada naweza kuwa mfupi. Injini mbili kubwa, rafadha, magurudumu na mitungi ya mafuta ni metali ya kutosha kurudisha mwangwi, na Mosquito za kupigana usiku zilizoanza kazi mwaka 1942 zilibeba rada zao wenyewe, kwa hiyo waundaji wake walijua vyema kifaa hicho kinaona nini. Wajerumani waliiona. Ila ilipokuwa juu na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa, mwindaji aliyepanda kuifuata mara nyingi alifika ikiwa imekwisha pita. Aina ya kudondosha mabomu haikuwa na bunduki hata moja, na bado ilipotea mara chache kuliko ndege nyingine yoyote ya kamandi ya mabomu ya Uingereza.

Utumishi wake unajibu dai la "kitu cha maonyesho". Ilianza kwa kupiga picha mwezi Septemba 1941, na Kikosi cha 105 kikaipeleka kwa mara ya kwanza kudondosha mabomu Cologne tarehe 31 Mei 1942. Tarehe 30 Januari 1943, Wanazi walipoadhimisha miaka 10 ya utawala wao, Mosquito 3 zilifika Berlin asubuhi saa ya hotuba ya Göring, na alasiri zikafika nyingine saa ya hotuba ya Goebbels. Baadaye zilibeba hadi Berlin bomu moja la karibu kilo 1,800, uzito ambao msanifu hakuufikiria alipoanza. Shirika la ndege la kiraia la Uingereza, BOAC, nalo liliitumia kati ya Leuchars, Uskoti, na Stockholm, kuleta mipira ya beringi na mara nyingine abiria aliyelazwa mahali pa mabomu. Niels Bohr, mwanafizikia, alisafiri hivyo mwezi Oktoba 1943 na kuzimia njiani kwa kukosa oksijeni.

Sisemi haya kuitukuza. Tarehe 21 Machi 1945 Mosquito zilishambulia makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Copenhagen, zikiruka chini mno. Moja iligonga nguzo ya taa ikaanguka karibu na shule ya Jeanne d'Arc, na baadhi ya zilizofuata zikaudhani moshi wake kuwa ndiyo shabaha. Watoto zaidi ya 80 walikufa. Safari yake ya mwisho ya kikazi katika Jeshi la Anga la Uingereza ilikuwa ya kupiga picha juu ya Malaya, katika joto na unyevu uleule wa tropiki, tarehe 15 Desemba 1955.

Kwa hiyo nisingependa tuliache neno. "Ndege ya mbao" ni sahihi na ni Kiswahili safi, hata kama "ndege ya plaiwudi, balsa na gundi" ingekuwa karibu zaidi na ukweli. Ninachoomba ni kwamba anayelalamikia mradi wake uliokwama atafute mfano mwingine, na yule mwenzetu wa historia, akilitumia tena, aiache misumari yake yadi.