Kilatini: Dhana Potofu Kuhusu Asili na Uzao Wake

Wengi hudhani kwamba Kilatini kilitokana na Kigiriki, kwa kuwa Warumi waliiga mengi kutoka kwa Wagiriki. Ukweli ni kwamba lugha hizo ni ndugu wa mbali tu katika familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kilatini kilianzia Latium, eneo dogo kando ya mto Tiber katikati ya Italia, na jamaa zake wa karibu, Kifaliski, Kioski na Kiumbria, walimezwa nacho kadiri Roma ilivyopanua utawala wake. Kilichotoka kwa Wagiriki ni herufi, nazo zilipitia mikononi mwa Waetruski, majirani ambao lugha yao haikuwa na nasaba na Kilatini. Maandishi si ukoo: Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi na sasa huandikwa kwa herufi za Kirumi, lakini kimebaki lugha ya Kibantu.

Wapo pia wanaoamini kwamba Kilatini ni mama wa lugha zote za Ulaya, Kiingereza kikiwemo. Kiingereza ni cha tawi la Kigermaniki, pamoja na Kijerumani, na maneno yake ya kutaja maji, mkono, mama na hesabu ndogondogo ni ya tawi hilo. Wingi wa msamiati wenye asili ya Kilatini uliingia baadaye, hasa kupitia Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, na kupitia vitabu vya wasomi. Kifini na Kihungari hata si za Kihindi-Kiulaya.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba Kilatini kilikufa pamoja na dola ya Roma ya Magharibi mwaka 476. Mwaka huo alianguka mtawala, si wasemaji. Watu wa Gallia (Ufaransa ya leo), Hispania na Italia waliendelea kusema walichokuwa wakisema, nacho hakikuwa lugha ya hotuba za Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma. Mwandishi aliyemtaja farasi aliandika «equus», ilhali mitaani neno «caballus» lilizidi kutumika, na ndilo lililozaa «cavallo» ya Kiitaliano, «caballo» ya Kihispania na «cheval» ya Kifaransa. Mabadiliko yalikuja polepole mno kiasi kwamba hakuna kizazi kilichojiona kimehama lugha. Mwaka 813 Mtaguso wa Tours, mkutano wa maaskofu huko Gallia, uliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ambayo waumini wangeielewa, iwe ya Kirumi ya watu wa kawaida au ya Kigermaniki, na mwaka 842, katika viapo vya Strasbourg, ambapo wafalme wawili ndugu waliapa kusaidiana, lugha iliyokuwa ikielekea kuwa Kifaransa iliandikwa kando ya Kilatini. Kilatini cha vitabu nacho kiliendelea: mwanasayansi Newton alikitumia katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, na Hungaria ilikiacha kama lugha rasmi ya serikali mwaka 1844 tu.

Si sahihi, hatimaye, kudhani kwamba Kiswahili kiliguswa na Kilatini kupitia Kiingereza pekee. Neno «shule» lililetwa na Wajerumani, ambao lugha yao ililipata kutoka kwa Warumi, nao Warumi walikuwa wameliazima kwa Wagiriki. Kabla ya hapo, Wareno waliofika pwani mwaka 1498 walituachia «meza» na «mvinyo», yaani «mensa» na «vinum» za Warumi zilizopitia Kireno.