Gitaa na sinthesaiza kwenye albamu ya After Laughter

Bendi za vijana zinazokuja studio kwangu hapa Tabora huwa na ombi moja: "Kaka, tuwekee kinanda, wimbo uwe wa kisasa." Kinanda kinawekwa, magitaa yanabaki vilevile, na miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote, inageuka uji. Ndiyo maana kabla ya kurekodi huwasikilizisha After Laughter, albamu ya tano ya Paramore, bendi ya roki kutoka Tennessee, Marekani. Ilitoka 12 Mei 2017.

Waliowajua kwa albamu yao Riot! ya 2007 wanakumbuka magitaa yakinguruma. Mngurumo ule ni distoshoni: amplifaya inasukumwa kupita kiasi, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, na katika kukatwa huko zinazaliwa hamoniki nyingi, yaani sauti za juu zinazoandamana na noti, ambazo nyuzi zenyewe hazikuzitoa. Noti nayo haififii upesi. Gitaa moja linatanda kote, tena bila kupumua. Ni sauti ninayoipenda sana, ila sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, inayoshikilia kodi ndefu (noti kadhaa zikilia pamoja) hutanda palepale, kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 na 4,000 hivi, na humo humo ndimo mwimbaji anapotaka kusikika.

Taylor York, mpiga gitaa aliyeitayarisha albamu pamoja na Justin Meldal-Johnsen, alilivua gitaa lake mngurumo huo. Sikiliza "Hard Times". Unaanza na milio kama ya marimba, kisha gitaa safi linaingia kwa vipande vifupi: linapiga, linanyamaza. Kwenye ule ukimya ndipo sinthesaiza inapopita. Ngoma za Zac Farro, aliyerejea baada ya kuiacha bendi mwaka 2010, ni kavu na zimebana. Besi alipiga Meldal-Johnsen mwenyewe. Hayley Williams anabaki na uwanja wake, akiimba maneno ya mtu aliyeelemewa juu ya muziki unaokuinua kucheza.

Sidai kwamba walijifunza kwetu. Lakini aliyelelewa na "Dada Asha" ya Tabora Jazz, bendi ya zamani ya mji huu, ataitambua kanuni hii mara moja: gitaa la rithimu linasema, solo linajibu, besi inatembea, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Inaniuma kumwona mpiga gitaa wa mji huu akijaza kila upenyo, wakati wazee wetu waliuheshimu.

Kwa hiyo, kabla kinanda hakijawashwa, namwomba mpiga gitaa azime distoshoni na apige nusu ya noti zake. Kwenye kinanda nakata kila kilicho chini ya hezi 200 ili besi ipumue, halafu nashusha kidogo hezi 2,000 hadi 3,000 pale mwimbaji anapoingia. Na wimbo usiohitaji sinthesaiza usilazimishwe: "26" umesimama kwa gitaa la akustiki, fidla na sauti ya Hayley, na kwangu hakuna ulio bora zaidi kwenye albamu nzima.